Shamba Halina Intaneti: Kabla Hujanitumia Picha, Tembea Kwanza

 

Leo sina somo la mbegu wala la dawa. Nina maoni yangu, na nayatoa nikijua kabisa baadhi yenu mtanipinga. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili msije mkadhani naongea kutoka juu.

Mwezi wa tisa mwaka jana, saa tatu usiku, kijana mmoja wa kata ninayofanyia kazi huku Kilolo alinitumia picha WhatsApp. Mnyanya umenyauka, majani bado ya kijani, yananing'inia kama nguo iliyolowa. Chini kaandika: "Kaka, cheki hii. Ziko kama kumi. Nipige nini?"

Mimi nilikuwa mezani nakula, tonge mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto. Nikaikodolea ile picha, nikaona kama ni mnyauko wa fangasi. Nikamtajia dawa ya fangasi, nikampa kipimo cha bomba la lita 16, nikamwambia arudie baada ya siku saba. Jibu zima halikuchukua dakika mbili. Akanishukuru, akaniwekea na vile vikatuni vya mikono iliyokutana, nikaendelea kula. Nilijiona fundi kweli kweli.

Siku ya tisa akanitafuta tena. Safari hii hakuandika, alipiga. "Kaka, zimefika mia na kitu." Nikawasha pikipiki.

Shamba lao ni kinyungu. Kwa msiokuwa wa huku, vinyungu ni bustani za mabondeni tunazolima Iringa wakati wa kiangazi, kule ambako udongo haujakauka. Nilipofika nilimkuta mama yake anapalilia maharage pembeni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Kabla sijainama kuangalia chochote akaniambia, "Bwana shamba, hii kitu imeanzia kule juu, mdomoni mwa mfereji. Kila tukifungulia maji inashuka. Na pale juu mwaka juzi tulilima viazi, vikanyauka hivi hivi."

Nikasimama pale pale. Mama alikuwa amenipa jibu lote, na hakuwa ameshika simu.

Nikang'oa mnyanya mmoja, nikakata kipande cha shina karibu na mzizi, nikakining'iniza kwenye glasi ya maji safi bila kuyatikisa. Baada ya dakika chache vikaanza kushuka vijiuzi vyeupe kama maziwa. Huo ni mnyauko wa bakteria. Vimelea vyake vinaweza kukaa kwenye udongo kwa miaka. Vinaingia kupitia mizizi, vinasafiri na maji ya mfereji, na jembe, na udongo uliogandia kwenye viatu. Vinashambulia nyanya, viazi mviringo, bilinganya, pilipili na tumbaku. Dawa ya fangasi haivigusi. Nilichompa yule kijana ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya minyoo.

Na kuna baya zaidi ya hapo. Kwa siku zote tisa aliendelea kumwagilia kwa mfereji ule ule, kwa sababu jibu langu halikugusa habari ya maji. Yaani mimi nilimwambia apige dawa juu, wakati ugonjwa unapita chini.

Hakuvuna hata theluthi ya alichokitegemea. Na mtaji ulikuwa mkopo wa kikundi, ule ambao ukichelewa rejesho wenzako wanakuja kukaa sebuleni kwako. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Hata mimi kaka sikupanda mpaka kule juu. Nilipiga picha ya ile iliyokuwa karibu na njia."

Sisemi kwamba ningefika siku ya kwanza tungeokoa shamba zima. Bakteria akishaingia kaingia. Lakini tungefunga ule mfereji, tungeng'oa zilizonyauka na kuzipeleka mbali na maji, na nusu ya chini ya shamba ingekuwa na nafasi. Tuliipoteza kwa sababu wawili sisi tulikuwa na haraka, yeye ya kutuma na mimi ya kujibu.

Simu siikatai

Kabla hamjaanza kusema bwana shamba kazeeka ghafla: nina miaka thelathini na kitu, nina stashahada yangu ya kilimo, na simu yangu ina magrupu ya wakulima hata sijui mangapi. Bila simu hii kazi nisingeiweza. Vijiji ni vingi, mafuta ya pikipiki yana mwisho, na mimi ni mmoja.

Kwa simu unajua bei ya nyanya soko la Ilala kabla dalali hajakutajia ya kwake. Kwa simu unalipwa, unaagiza mbegu, unasoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa mvua za msimu, zile tunazozitegemea huku kuanzia Novemba mpaka Aprili. Mzee wangu aliuza mahindi kwa bei aliyotajiwa barabarani, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumuuliza. Mimi sirudi huko, na wewe usirudi.

Wala sitawaimbia "haraka haraka haina baraka". Hiyo mmeisikia tangu darasa la pili, na mara nyingine haraka ina baraka zake. Ukisikia lori linapita leo na bei ni nzuri, kimbia.

Ninachosema ni kwamba kazi yetu ina mwendo wa aina mbili. Kuna mwendo wa soko na kuna mwendo wa mmea. Bei inaweza kupanda asubuhi na kushuka jioni, na hapo anayechelewa analiwa. Lakini nyanya ukishaihamisha kutoka kitaluni, utasubiri miezi miwili na nusu mpaka mitatu ndipo uvune, kutegemea aina na baridi ya mahali. Hakuna programu ya simu itakayoifanya iive kwa siku kumi.

Kosa letu, na mimi nimo, ni kuchukua mwendo wa soko na kuupeleka kwenye mmea. Umeona doa, umepiga picha, umetuma kwenye grupu, umejibiwa na watu saba dawa saba, umepiga mojawapo. Yote hayo kabla ya chai ya saa nne. Na katika watu wote hao hakuna aliyeuliza: doa limeanza lini? Liko wapi tena? Linaelekea upande gani? Hapo palilimwa nini mwaka juzi?

Picha inakuonyesha ugonjwa ulipo leo. Haikuonyeshi ulikotoka wala unakokwenda. Picha ya yule kijana ilionyesha mnyanya. Haikuonyesha mfereji, haikuonyesha viazi vya mwaka juzi, na haikumwonyesha mama.

Kwenye kalkuleta hakuna siku ya kusubiri

Wengi mmeingia kwenye kilimo biashara kupitia hesabu za mtandaoni. Ekari moja ina mimea kadhaa, kila mmea unatoa kilo kadhaa, kilo moja shilingi kadhaa, zidisha, umeshanunua gari. Sicheki, na mimi nimeshawahi kupiga hizo hesabu usiku nikakosa usingizi kwa furaha.

Tatizo la ile hesabu, mbali na namba zenyewe, ni kwamba haina siku ya kusubiri. Shamba limejaa siku za kusubiri. Samadi ioze. Udongo upoe. Mche ushike. Dawa iishe nguvu.

Hiyo ya mwisho nataka niikazie. Umepiga dawa ya wadudu jana jioni. Lebo inasema subiri siku saba kabla ya kuvuna. Leo saa kumi na mbili jioni mnunuzi anakupigia: "Lori linapita kesho alfajiri, bei ni hii, upo au nichukue kwa jirani?" Moyo unaruka. Simu inataka jibu sasa hivi.

Jibu ni hapana. Ile nyanya inakwenda kuwa kachumbari kwenye sahani ya mtoto wa mtu. Zile siku saba siyo ushauri wa bwana shamba mwoga. Ni muda ambao sumu inahitaji kupungua mpaka kiwango kinacholika, na sumu haijui kwamba bei ya Ilala imepanda. Kama mnataka kuitwa wakulima wa kibiashara, biashara yenyewe inaanzia hapo, kwenye kuweza kumwambia mtu mwenye hela mkononi "mzigo wangu haujafika".

Na kama unajua wiki ijayo unavuna, basi panga dawa yako kwa kurudi nyuma kutoka siku ya mavuno. Hilo halihitaji intaneti, linahitaji kalenda ya ukutani.

Kifaa kinachosema "leo usifanye kitu"

Msidhani ubishi wangu ni kati ya vifaa na maumbile. Kuna kifaa ninachokipenda sana, na nakipenda kwa sababu kinampunguza mkulima mwendo.

Pale Kiwere, hapa hapa Iringa, wakulima wa skimu ya umwagiliaji walifanya kazi na watafiti katika mradi ulioanza mwaka 2013. Walipewa kifaa kinachoitwa Chameleon, kilichobuniwa na watafiti wa CSIRO ya Australia. Unazika vipima unyevu kwenye udongo kwa kina tofauti, halafu unaunganisha kisomaji chake na kinawasha taa. Bluu maana yake maji ni mengi, kijani ni ya kutosha, nyekundu ni pakavu. Hakina maneno marefu.

Wakulima walikuwa wamezoea kumwagilia kwa zamu: siku yako ikifika unafungulia, uwe unahitaji au huhitaji, maana usipochukua leo zamu imekupita. Kifaa kikawaonyesha kwamba chini kule mizizi ilikuwa bado kwenye bluu. Walikuwa wanamwagilia kupita kiasi, na maji ya ziada yalikuwa yanaisukuma mbolea chini kabisa, mahali ambapo mizizi haifiki. Wakapunguza mara za kumwagilia, na bado mazao yakawa mazuri. Wakaokoa maji, mbolea na muda.

Angalieni hapo. Simu zetu muda wote zinatuambia "fanya kitu": nunua, piga, wahi, ofa inaisha leo. Kile kifaa kinakwambia leo usifanye kitu, rudi nyumbani. Hiyo ndiyo teknolojia ninayoitaka, inayokufikisha kwenye udongo na kukusubirisha pale mpaka udongo useme. Kipimo changu cha programu au kifaa chochote ni hicho: je, kinanifanya nilione shamba langu zaidi, au kinanipa sababu ya kutokwenda?

Hata programu ya FAO ya kufuatilia viwavijeshi vamizi, inayoitwa FAMEWS, iliyotoka mwaka 2018, haikai kwenye picha moja. Inakutaka uingie shambani na kukagua mimea kumi katika sehemu tano tofauti. Walioitengeneza walijua kwamba mmea mmoja wa pembeni mwa njia haukuelezi shamba.

Nyuki wa saa moja asubuhi

Kuna mambo mengine ambayo hata ukipiga picha mia huyaoni, kwa sababu yana saa yake.

Mkulima wa matikiti aliniita analalamika: maua mengi, matunda machache, na yaliyopo yamepinda. Alikuwa ameshaongeza mbolea ya majani mara mbili kwa ushauri wa grupu. Nikamuuliza unapiga dawa saa ngapi? Akasema asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, kama alivyofundishwa.

Nikamwomba kesho yake tukae. Tukae tu, kwenye ndoo mbili, kuanzia saa moja mpaka saa tatu asubuhi, simu zikiwa mfukoni. Dakika kumi za kwanza alikuwa anahangaika kama mtu aliyevua saa. Halafu akaanza kuona. Maua yanafunguka. Nyuki wanakuja, wachache. Wanaingia ua hili, wanatoka, wanaingia lile. Ua la tikiti linafunguka asubuhi na kufikia alasiri limeshafunga, na halirudi tena. Siku yake ni hiyo moja. Ua jike lisipopata chavua ya kutosha kwa masaa hayo, tunda linadumaa au linapinda, hata uweke mbolea gani.

Akageuka akaniambia, "Kwa hiyo nilikuwa nawapulizia wafanyakazi wangu wakiwa kazini." Sikuongeza neno. Alihamishia dawa jioni, akachagua isiyo kali kwa nyuki, na hakupiga bila kuona mdudu.

Jambo hili limeandikwa kwenye vitabu, na ningeweza kumtumia kwa ujumbe wa mistari miwili. Lakini ujumbe angesoma katikati ya jumbe arobaini. Yale masaa mawili kwenye ndoo hayasahau.

Nusu saa yako

Sasa niseme ninachoomba, maana maoni bila kazi ni gumzo tu.

Nakuomba nusu saa. Mara tatu kwa wiki, au kila siku kama shamba liko karibu. Asubuhi, jua likiwa limetoka lakini halijachoma. Simu iache kwenye begi, na sauti uzime. Nitaeleza jinsi ninavyofanya mimi.

Kwanza, simama pembeni dakika mbili bila kuingia. Angalia shamba zima. Rangi ni moja? Kuna sehemu imefifia? Iko kwenye mteremko, kwenye mfereji, kwenye mpaka na jirani? Magonjwa mengi yana umbo. Yanayofuata maji yanashuka na mstari. Yanayotoka kwa jirani yanaanzia ukingoni. Minyoo ya mizizi inakaa kwa mabaka mabaka. Umbo hilo hulioni ukiwa umeinamia jani moja.

Pili, ingia kwa kuchora herufi W, kutoka kona hii mpaka ile. Simama sehemu tano, kila sehemu kagua mimea kumi. Usichague mimea mibaya wala mizuri, chukua inayofuatana.

Tatu, chuchumaa. Geuza jani, maana wadudu wengi wako chini yake. Kwa nyanya tafuta vile vijia vya kantangaze, kama mtu amechora kwa kucha ndani ya jani. Angalia na wadudu wazuri, yule kobe mwekundu mwenye madoa, buibui. Kama wapo wengi, dawa yako inaweza kuwaua hao kwanza.

Nne, ukikuta mmea mgonjwa usioelewa, ng'oa mmoja mzima. Angalia mizizi kama ina vifundo. Pasua shina. Fanya lile jaribio la glasi. Mmea mmoja uliong'olewa ni hasara ndogo kuliko dawa isiyohusika.

Tano, andika kwenye daftari: tarehe, mahali, umeona nini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na habari yenyewe ndiyo hii. Ukitembea Jumatatu na Alhamisi, daftari litakwambia kitu ambacho picha haiwezi: kinaongezeka au kinapungua?

Hapo sasa chukua simu. Nitumie picha nne: shamba kwa mbali, mmea mzima, jani pande zote mbili, na mzizi au shina lililopasuliwa. Niambie umepanda lini, hapo palilimwa nini, umepiga nini, na tatizo linaelekea wapi. Ukinitumia hivyo, simu inakuwa chombo kweli.

Na niseme jambo moja ambalo halimo kwenye mtaala. Ile nusu saa inakutuliza. Wengi mnaninong'oneza kwamba hamlali, mnaamka usiku kuangalia bei, mnalinganisha shamba lenu na la mtu mmemwona mtandaoni. Mimi pia yamenikuta. Lakini ukishika jani lenye umande na kusikia maji yanavyopita kwenye mfereji, unagundua leo shamba halina dharura. Mara nyingi kweli halina. Dharura ilikuwa kwenye simu.

Najua mtakachosema

Mtasema: "Bwana shamba, mimi niko Dar, shamba liko Ilula." Sawa. Basi nusu saa hiyo iwe ya msimamizi wako, na umlipe kwa kuijua. Na badilisha swali lako. Ukimpigia na kumuuliza "vipi huko?" atakujibu "huku kuzuri bosi". Muulize, "Leo umeona nini ambacho juzi hakikuwepo?" Halafu nyamaza, mwache afikiri. Na mara moja moja panda basi.

Mtasema: "Kantangaze hasubiri mtu." Kweli ni mdudu wa hatari. Lakini toka yai mpaka kipepeo anachukua takribani wiki tatu mpaka tano kutegemea joto. Nusu saa ya kumkagua haimpi ushindi. Kinachompa ushindi ni kupiga dawa ile ile kila wiki bila kuangalia, mpaka anazoea.

Na mtasema, hili ndilo lenye nguvu: "Wazee wetu walitembea mashamba yao kila siku na bado walivuna kidogo." Ni kweli, sibishi. Kutembea peke yake hakutoshi. Yule mama alijua njia ya ugonjwa, ila hakujua jina lake wala kwamba ungewafuata kutoka kwenye viazi mpaka kwenye nyanya. Mimi nilijua majina yote, hata la Kilatini, ila sikujua njia. Shamba lilikufa katikati yetu, kwa sababu hakuna aliyetembea hatua mia mbili kumfuata mwenzake.

Ndiyo maana sitaki muache simu, na sitaki muwaache wazee. Mama alikuwa pale siku zote tisa. Mwanae alikuwa anamtafuta mtaalamu kwenye kioo, na mtaalamu alikuwa anakula.

Nilichobadilisha

Tangu siku ile nina masharti yangu. Picha ya mnyauko siijibu kwa jina la dawa. Naijibu kwa maswali: umeanzia wapi, maji yanapita wapi, palikuwa na nini kabla? Kama majibu hayatoshi nasema "sijui, funga maji kwanza, nakuja". Wengine wanaudhika. Mmoja kaniambia kwenye grupu kuna mtu anajibu haraka kuliko mimi. Nikamwambia na mimi nilikuwa hivyo.

Kijana mwenyewe yupo. Ile sehemu ya juu msimu huu ameweka mahindi, na nyanya, viazi na ndugu zao havitarudi pale kwa miaka kadhaa. Nyanya amezihamishia kipande kingine, chenye mfereji wake. Deni la kikundi bado analimaliza kidogo kidogo.

Wiki iliyopita nilipita bila kumwambia. Nilimkuta anashuka na mfereji taratibu, daftari kwapani, mama yake yuko mbele anamwonyesha kitu kwa fimbo. Simu yake ilikuwa inaita ndani ya koti lililotundikwa kwenye mti. Aliisikia, akageuka, akaitazama, akaendelea kushuka.

Kesho asubuhi na wewe shuka. Ukirudi, nitumie hizo picha nne.